Mama aliogopa kwa sauti, baba aliogopa kimya: uchambuzi wa kisa cha mtoto mmoja wa Tanga

Mtoto huyu alikuwa na miaka minane, darasa la pili, katika shule ya msingi ya serikali mjini Tanga. Jina lake silitaji, wala la shule, na nimegeuza mambo mawili matatu ya familia ili hata jirani asiwatambue. Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi shuleni hapo. Ninakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila niliyemsimulia, walimu wenzangu wakiwemo, alikimbilia jibu lile lile nililolikimbilia mimi mwanzoni: mama kamharibu mtoto kwa kumdekeza. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Nusu ya pili ilinichukua miezi mitatu kuiona.

Alivyoletwa kwangu

Mwalimu wake wa darasa alinifuata mwezi wa tatu. "Mwalimu, nina mtoto ambaye sijawahi kusikia sauti yake." Darasa lina watoto 94. Humo, mtoto asiyesumbua huonekana ni neema, ndiyo maana mwaka mzima wa darasa la kwanza ulipita bila mtu kuuliza. Madaftari yake safi, hesabu anapata. Akiitwa asome anasimama, anakodolea dawati, vidole vinakunja pindo la sketi na kulikunjua, mpaka mwalimu amwonee huruma amwambie kaa. Jumatatu nyingi tumbo linamuuma. Hajawahi kugombana na mtu, na hana rafiki.

Nilianza kwa kumtazama tu, siku sita, wakati wa mapumziko. Wasichana wa darasa lake walikuwa wakicheza rede. Asiyeijua: wawili wanarushiana mpira wa soksi, mmoja yuko katikati anajaza chupa mchanga huku anakwepa asipigwe. Mtoto wetu alikuwa amesimama peke yake, mgongo ukutani. Siku ya kwanza niliona mtoto aliyejitenga. Siku ya tatu nikasogea karibu na nikaona kitu kingine. Kila mpira uliporushwa, bega lake lilikwenda kushoto pamoja na la yule wa katikati. Mguu ukachomoka kwenye kandambili ukarudi. Mwili wake ulikuwa unacheza. Hilo lilinipa shabaha, maana mtoto asiyetaka wenzake na mtoto anayewataka akashindwa kuwafikia ni watoto wawili tofauti, na wanahitaji msaada tofauti.

Siku ya nne msichana mmoja alimjia. "Njoo ushike upande huu." Kabla ya kujibu, mtoto aligeuza shingo akatazama getini. Pale getini alikuwa mama yake, ameshika bakuli lililofunikwa kawa. Mama akatikisa mkono: hapana. Mtoto akatikisa kichwa: hapana. Yule msichana akarudi mchezoni, na siku zilizofuata hakuja tena kumwita.

Kuna jaribio mashuhuri ambalo watu wa fani yetu hulikumbuka wakiona jambo kama hili. Mwaka 1985 huko Marekani, James Sorce na wenzake waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza ya kioo ambayo katikati yake huonekana kama kuna shimo la kina cha sentimita 30 hivi. Mama alisimama ng'ambo. Akina mama walioambiwa waonyeshe uso wa furaha, watoto wao 14 kati ya 19 walivuka. Walioambiwa waonyeshe uso wa hofu, watoto wao 17, hakuna hata mmoja aliyevuka. Mama hakusema neno, na shimo lilikuwa lile lile. Mtoto wangu wa darasa la pili alikuwa bado anausoma uso huo, umbali wa uwanja mzima.

Kabla ya kuliita jambo wasiwasi, lazima mengine yaondolewe kwanza. Masikio yake yalipimwa zahanati, hayana shida. Nyumbani anaongea vizuri, tena kwa wingi. Mtoto wa namna hiyo, anayezungumza kwao na ulimi ukafungwa shuleni kwa zaidi ya mwezi mmoja, ukiacha ule mwezi wa kwanza wa kuizoea shule, wataalamu humhesabu miongoni mwa wenye matatizo ya wasiwasi. Si ukaidi huo, na si uzito wa akili. Nilimpa mwalimu wake ajaze dodoso la Robert Goodman la mwaka 1997, lenye vipengele 25, ambalo lipo kwa Kiswahili. Upande wa mahusiano na wenzake alama za shida zilikuwa 7 kati ya 10, upande wa hisia 6, upande wa utundu sifuri. Mipaka ya dodoso hilo iliwekwa kwa watoto wa Uingereza, kwa hiyo sikuichukua kama hukumu. Ilinitosha kuona shida imelala upande gani.

Nyumbani

Wanaishi Ngamiani, chumba na sebule. Mama anauza vitumbua na chai barazani tangu alfajiri. Bibi mzaa mama anaishi nao. Baba ni dereva wa lori la mizigo, Tanga kwenda Moshi na Arusha, nyumbani siku mbili kati ya kumi.

Nilimwamkia bibi, nikapewa kigoda, nikamgeukia mtoto. "Chuo cha Kurani mnaingia saa ngapi?" Mama akajibu. "Unapenda vitumbua?" Mama akajibu: huyu vitumbua hali, vinamkaa tumboni. Niliuliza maswali saba. Nilipata majibu saba, yote ya mama, na hakuna lililosubiri hata pumzi moja. Mama huyu hakuwa mkali wala mjuaji. Alikuwa kama mtu anayedaka kikombe kabla hakijaanguka, na kila swali langu kwake lilikuwa kikombe.

Alinieleza ratiba yake kwa fahari kidogo. Anampeleka mtoto mpaka mlango wa darasa. Wakati wa mapumziko anafunga biashara anakwenda getini. Jioni mtoto hatoki nje isipokuwa kwenda chuoni, na chuo kiko nyumba ya tatu, anamwona kutoka barazani. Usiku wanalala kitanda kimoja. Mtoto mwenyewe, mama alipotoka kidogo kwenda kugeuza vitumbua, aliniambia maneno yake ya kwanza, kwa sauti ya chini sana: "Nikilala mama ananishika hapa." Akaweka kiganja kifuani. Mama alikuwa akiamka mara tatu, mara nne kila usiku kuhakikisha mtoto anapumua.

Bibi alinisindikiza mpaka njia panda, ndipo akasema lililokuwa halisemwi ndani. Miaka mitatu nyuma walikuwa na mtoto wa kwanza, wa kiume, miaka tisa. Mama alimtuma sukari ng'ambo ya barabara. Bodaboda ikamgonga. Mama aliusikia mlio akiwa jikoni. Baba alikuwa safarini, upande wa Same. Alipofika, kijana alikuwa ameshazikwa. Baba hakulia. Alikusanya nguo na picha za marehemu akazifungia, akasema zisifukuliwe.

Kisha bibi akaongeza jambo ambalo mtu wa pwani atalielewa uzito wake. Binti yake kwa miaka tisa alikuwa akiitwa Mama Fulani, kwa jina la yule mvulana, kama ilivyo desturi. Baada ya matanga watu wakaanza kuogopa kulitamka. Baba akasema sasa aitwe kwa jina la huyu wa pili. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano alisikia jina la kaka yake likiondolewa mdomoni mwa mtaa mzima, na la kwake likiwekwa mahali pale pale.

Bibi alikuwa na maelezo yake juu ya unyamavu wa mjukuu. "Damu hiyo, mwanangu. Mama yake alikuwa mwoga, na mimi mwoga." Majirani walisema hasadi, na mtoto alikwishanyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani. Kombe sikulipinga, mama alisema siku ile alilala usingizi, na usingizi ule alikuwa anauhitaji. Hili la damu nililifikiria zaidi. Mwaka 2015 Thalia Eley na wenzake walichapisha utafiti wa familia za mapacha wa Sweden. Walilinganisha watoto wa mapacha wa kufanana na watoto wa mapacha wasiofanana, ili watenganishe kinachopita kwa kurithi na kinachopita kwa kuishi pamoja. Hata baada ya kuondoa mchango wa damu, wasiwasi wa mzazi uliendelea kuhusiana na wasiwasi wa mtoto wake. Kwa mwalimu hiyo ni habari njema. Damu siwezi kuibadilisha, lakini namna watu wanavyoishi chumbani inaweza kuguswa.

Nilivyokosea

Nilimwita mama peke yake ofisini. Nikamwambia, kwa upole lakini nikamwambia, kwamba anamdekeza, amwachie mtoto apumue. Alilia, akaitikia kila nilichosema. Kesho yake hakuja getini. Mtoto naye hakuja shule, siku tatu.

Nilikuwa nimemnyang'anya mtu mkongojo bila kumuuliza mguu unauma wapi. Kuamka kwake usiku, kusimama kwake getini, kumjibia kwake mtoto, vyote vilikuwa ndiyo namna yake ya kuupitisha mchana na usiku. Ulikuwa mkongojo mbaya, uliomfunga mtoto, lakini hakuwa na mwingine.

Nilirudi kwenye mambo niliyosomea. Richard Lazarus na Susan Folkman, tangu mwaka 1984, wametufundisha kugawa namna za kukabiliana na shida katika mafungu mawili makubwa: kuishughulikia shida yenyewe, na kuutuliza moyo juu ya shida. Hakuna lililo bora siku zote. Linalobadilika lishughulikie, lisilobadilika lilie, liombee, liongelee, mpaka moyo upate pa kukaa. Nilipomweka mama huyu kwenye mizani hiyo nikaona amevibadilisha mahali. Barabara, ambayo mtoto anaweza kufundishwa kuivuka, hakuwahi kumfundisha; alimzuia asiifikie. Kifo, ambacho kimeshatokea na hakirudi nyuma, alikuwa anakilinda kila usiku kama ambaye bado ana nafasi ya kukizuia.

Na baba? Hapo ndipo nilipogundua kuwa kwenye faili langu lote, kurasa kumi na moja, baba ana mistari miwili: dereva, hayupo mara nyingi. Mistari miwili, kwa nusu ya wazazi wa mtoto. Sikumwandika kwa sababu sikuona kosa kwake. Wasiwasi wa mama unaonekana kwa macho, kwa hiyo unalaumiwa. Kukwepa kwa baba hakuonekani, na sisi tunakupa jina zuri: uvumilivu.

Daftari

Alikuja Jumapili moja, akaegesha lori nje ya shule, utingo wake akabaki ndani. Mtu mpole, mwenye adabu. "Mwalimu, mimi sina neno. Yaliyopita si ndwele. Mwenye shida ni mama yake."

Nikamuuliza: "Binti akikuuliza habari za kaka yake, unamjibu nini?"

"Haulizi."

"Hajawahi?"

Alikaa kimya kwa muda. "Mara moja. Tulikuwa tunakula. Nikanawa mikono nikatoka."

Siku ile alikwenda barazani kwa wenzake, na alfajiri akaondoka na lori. Aliporudi zilikuwa zimepita siku sita. Kwa mtu mzima hiyo ni safari ya kawaida ya kazi. Kwa mtoto wa miaka mitano, mpangilio wake ni huu: nilifungua mdomo nikasema kinachoniuma, baba akaondoka. Na upande wa pili wa chumba: nikisogea nikifikie kitu, mama anatetemeka. Mtoto aliyebanwa katikati ya masomo hayo mawili atajifunza kukaa kimya na kutosogea, na ndivyo hasa alivyokuwa akisimama pale ukutani. Ndivyo ninavyokisoma kisa hiki, na sijaona usomaji mwingine unaoubeba ukimya na kutosogea kwa pamoja. Wasiwasi wa mama pekee unaeleza kwa nini hakucheza. Hauelezi kwa nini hakusema.

Sikumweleza hivyo. Nilimweleza jaribio la meza ya kioo, akalisikiliza vizuri, halafu akauliza swali ambalo sijalisahau: "Na kama mzazi ameficha uso, mtoto anavuka?" Nikamwambia, wewe unaonaje? Akasimama, nikafikiri anaondoka kama alivyoondoka mezani. Alikwenda kwenye lori, akarudi na daftari la hesabu, la darasa la tatu, jalada limepauka kwa jua. Kwa miaka mitatu lilikuwa kwenye droo mbele ya usukani. Kurasa zimejaa vema za mwalimu kwa wino mwekundu, na ukurasa wa mwisho una hesabu nne tu, hazijasahihishwa. Mke wake hakujua lipo. Alisema akifika Mombo huegesha, akalifungua, akamaliza, ndipo akaendelea.

Kwa hiyo baba alikuwa analia. Alikuwa anakwenda kulilia mbali, kilomita nyingi kutoka nyumbani, ambako hakuna aliyeweza kujifunza kwake kwamba huzuni ikisemwa mtu haanguki.

Tulichofanya

Sikumtibu mtoto. Kwa nini, nieleze. Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2020 matokeo ya jaribio lenye watoto 124 wa miaka 7 hadi 14 wenye matatizo ya wasiwasi. Fungu moja walitibiwa watoto wenyewe kwa mbinu iliyozoeleka. Fungu jingine mtoto hakuonana na mtaalamu kabisa. Walifundishwa wazazi tu kupunguza kidogo kidogo kumbebea mtoto woga wake. Watoto wa mafungu yote mawili walipata nafuu kwa kiwango kinacholingana. Shule yetu haina mtaalamu wa saikolojia, na mtoto huyu alikuwa haongei. Wazazi walikuwa wanaongea. Tukaanza nao.

Mama alihitaji msaada wake mwenyewe kwanza. Kwenye maswali saba ya kupima wasiwasi wa wiki mbili zilizopita alipata 15 kati ya 21, na kuanzia 15 huhesabiwa wasiwasi mkali. Hospitali aliikataa: "Mimi si mwendawazimu, Mwalimu." Aliyemshawishi ni bibi, aliyesema atakwenda naye, na muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, ambaye neno la kitaalamu hakulitumia hata moja. Alimuuliza, "Mawazo yanakujia zaidi saa ngapi?" Mama akajibu mfululizo kwa nusu saa.

Upande wa malezi tulishika mambo matatu, moja baada ya jingine.

Barabara kwanza, kwa kuwa hiyo inashughulikika. Wiki mbili mama na mtoto walivuka pamoja, na mtoto ndiye aliyesema twende au ngoja. Wiki iliyofuata mama aliishia getini badala ya mlango wa darasa. Kisha kwenye kona ya duka. Kisha mtoto akaja na msichana wa darasa la sita wa mtaa ule ule, mama amebaki na vitumbua vyake. Siku ya kwanza ya kubaki, aliunguza karai zima.

Jambo la pili lilikuwa majibu. Mtoto akiulizwa, mama ahesabu kimoyomoyo moja mpaka tano kabla ya kufungua mdomo. Wiki ya kwanza aliniambia tano ni mbali sana. Na mtoto akikwama, asimwambie "usiogope," maana anaogopa kweli, bali maneno mawili yakae pamoja: naona roho yako iko juu, na najua utaweza. Sentensi ya namna hiyo ni moja ya nguzo za mbinu ya Yale, na kwa Kiswahili inakaa mdomoni vizuri.

La tatu, usiku. Kuamka mara nne kukawa mara moja. Hili lilikuwa gumu kuliko yote na sikulisukuma.

Kazi ya baba ilikuwa moja tu. Alipe jina la marehemu ruhusa ya kurudi ndani ya nyumba. Jioni moja alilileta daftari, akakaa mkekani na binti yake, akalifungua. Bibi alinisimulia. Mtoto aliziangalia zile hesabu nne za mwisho, kisha akasema kaka alikuwa akimfundisha kuhesabu kwa mbegu za ukwaju, na siku moja alimwibia mbegu mbili ili asipate jibu, na je, kaka alijua? Miaka mitatu alikuwa amelishika swali hilo. Baba akamwambia, "Alijua. Aliniambia." Akabaki amekaa. Mama naye akaja akakaa.

Sauti ya chuoni

Upande wa shule msaada ulitoka nisikotarajia. Nilipomwendea ustadhi wa chuo chake, alishangaa kusikia mtoto haongei. "Sauti yake naijua. Anasoma vizuri tu." Chuoni wanasoma kwa pamoja, watoto thelathini wakipandisha na kushusha, hakuna anayetazamwa, na mama yuko nyumba ya tatu. Sauti ilikuwepo. Ilikosa njia ya kufika darasani.

Tukaijenga kwa namna ile ile ya chuoni. Mwalimu wa darasa alianza kusomesha aya ya Kiswahili kwa darasa zima pamoja. Wiki ya pili kwa safu. Kisha makundi ya sita, kisha wanne. Alipobaki na mwenzake mmoja tu, mwenzake alikuwa mtoto anayesoma naye chuoni, aliyekwishazoea kusikia sauti ile ubavuni. Walimu tuliagana jambo moja: akisoma, hakuna kupiga makofi. Makofi yangemgeuza kuwa kitu cha kutazamwa, wakati alichokuwa anahitaji ni kuwa mmoja wa wengine.

Mwezi wa nane

Nje ya geti letu bodaboda ilimgonga mtoto wa darasa la tano. Alivunjika mguu, alipona. Lakini mama alisikia habari akiwa barazani, na wote tunajua alisikia mlio gani. Alimchukua binti yake mchana ule ule, na siku nane hakumrudisha. Muuguzi alikwenda. Mimi nilikwenda. Mama alinipokea kwa heshima zote na hakubadili kitu.

Aliyembadilisha ni mume wake, kwa simu. Zamani angemwambia asiwaze, na kukata. Safari hii alikuwa Korogwe, akamwambia: "Na mimi nimeogopa. Nimeegesha, siwezi kuendesha." Mama alinieleza baadaye kwamba tangu mtoto wao afariki alidhani ni yeye peke yake aliyebaki kuogopa, ndiyo maana hakuthubutu kupumzika hata usiku mmoja. Kama wote wawili wangeacha kulinda, nani angelinda? Aliposikia kuna mwingine anayeshika upande wa pili wa mzigo, siku ya tisa alimleta mtoto, wakavuka, akamwacha getini, akarudi.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini ule ushauri wangu wa mwanzo ulikuwa hauwezi kufanya kazi. Uvumilivu wa baba ndio uliokuwa unamwongezea mama zamu ya kulinda. Kadiri mmoja alivyokaa kimya ndivyo mwingine alivyolazimika kuogopa kwa ajili ya wote. Kumtibu mama peke yake, au kumlaumu peke yake, ni kulegeza kamba upande mmoja huku upande wa pili unavutwa.

Alipofikia

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja mwalimu alijaza dodoso upya. Mahusiano na wenzake alama 3, kutoka 7. Hisia 4, kutoka 6. Mama kwenye maswali yake saba alipata 8. Bado yapo yaliyobaki. Mtoto hajamjibu mwalimu mkuu hata neno moja, anainamisha kichwa tu. Jumatatu mojamoja tumbo linauma. Mama ameniambia kwamba usiku wa kuamkia siku ya kumbukumbu ya kifo cha mwanawe alimshika mtoto kifua mpaka asubuhi, na sikuona sababu ya kumwambia asingefanya hivyo.

Rede alianza kwa kushika mpira upande, wiki kadhaa, bila kusema. Kisha siku moja mwezi wa kumi nikasikia ugomvi uwanjani nikatoka ofisini. Alikuwa katikati, chupa imejaa nusu, mkono umechafuka mchanga hadi kiwiko. Msichana wa upande wa pili alikuwa anadai mpira umempiga. "Haujanigusa!" alikuwa anapiga kelele. "Umenipita! Muulize huyu! Umenipita!" Nilirudi ofisini nikawaacha wamalizane.

Baada ya mitihani nilipita barazani kwao alfajiri. Siku hizi mtaa umerudia kumwita mama kwa jina la yule mvulana. Mwenyewe ndiye aliyeomba, na wengine bado wanajikwaa. Mteja mmoja, fundi baiskeli, alisimama akaita jina hilo, akaagiza vitumbua vitano. Mtoto alivihesabu akavifunga kwenye gazeti.

"Shilingi ngapi?" akauliza fundi, akimtazama mtoto.

Nilimwona mama amebana midomo, anahesabu.

"Mia tano," akasema mtoto.